Kwa dada aliyeitwa tena baada ya kupimwa matiti

Dada, pole sana. Naishi Uingereza, ambako wanawake wa miaka 50 hadi 71 huitwa kupigwa picha ya matiti kila baada ya miaka 3, nami niliwahi kupata barua kama yako. Usingizi uliniruka.

Huku, kati ya wanawake 100 wanaopimwa, takriban 4 huitwa tena, na kati ya hao 4, mmoja ndiye hukutwa na saratani. Wengine picha haikutoka vizuri, au ni kivimbe cha maji tu. Anayepimwa mara ya kwanza huitwa zaidi, maana hakuna picha ya zamani ya kulinganisha.

Lakini saa nane za usiku hesabu hizo hazinyamazishi moyo. Kilichonifaa ni kumwambia mtu. Sisi watu wa pwani tumelelewa kusitiri, na habari za titi husemwa kwa kunong'ona. Kumbe kunyamaza ndiko kulikonimaliza. Nilimpigia dada yangu Tanga. Wala hakunipa ushauri, alikaa nami kwenye simu tu mpaka alfajiri.

Siku ya miadi usiende peke yako. Uliza: mmeona nini, na leo mtanipima vipi? Huenda ukapigwa picha zaidi na altrasaundi. Wakitaka kukuchoma sindano wachukue kinyama cha kupima, hiyo nayo bado haimaanishi saratani. Na watu wakikwambia uombe tu usiende, dua omba, lakini miadi hiyo usiikose, tafadhali.