Karafuu na Riahi za Tumbo

Baadhi ya wanachama wametuletea rai kwamba chama kichapishe vikaratasi vya kutiwa katika pakiti za karafuu na kubandikwa katika chupa za mafuta ya makonyo, viseme kuwa karafuu ni dawa ya riahi za tumbo kwa wakubwa na wadogo. Wasema kitu kikiitwa dawa hununuliwa upesi, khasa na wageni. Rai hiyo twaikubali nusu, na nusu twaikataa.

Kwamba karafuu humsaidia mtu aliyejaa tumbo, hilo hatuhitaji kufundishwa. Ni nyumba gani ya Unguja au Pemba isiyojua chai ya viungo: karafuu mbili tatu, iliki, mdalasini na kipande cha tangawizi iliyopondwa? Mtu aliyefuturu kwa mihogo, ndizi na kunde za nazi, na akala kwa pupa kama tulavyo wengi wetu, huinywa chai ile akabeua, akaona nafuu. Bizari nyembamba katika mchuzi wa choroko nayo wazee hawakuitia kwa ladha tu. Lakini tusijisifu kupita kiasi. Mafuta ya nanaa, ile itiwayo katika peremende, yamejaribiwa na madaktari kwa wagonjwa wa tumbo zaidi kuliko ya karafuu. Mkulima wa karafuu hapendi kuyasikia hayo, lakini ndivyo yalivyo.

Tunalolikataa ni lile neno "na wadogo". Karafuu nzima katika kikombe ni kitu kimoja, na mafuta ya chupani ni kitu kingine kabisa. Makonyo hupikwa magunia kwa magunia yakatoa mafuta kidogo, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, kitu kikali mno. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Imekwisha kuandikwa na madaktari khabari za watoto wadogo walionywa mililita 5 mpaka 10 za mafuta ya karafuu wakazimia, na maini yao yakaharibika. Na bado mama mwenye mtoto aliaye kwa mchango huambiwa sokoni atie matone katika maziwa! Mwenye kumwambia hivyo huenda amenunua mafuta yale kwetu.

Mtoto asiyetimia miezi 6 hahitaji chochote ila maziwa ya mama. Hata maji ya bizari asipewe. Akishanyonya awekwe begani, apigwepigwe mgongo polepole mpaka abeue. Mtu mzima naye aloweke kunde na maharagwe usiku kucha, amwage maji yale, apikie mengine. Riahi zitapungua kabla ya kutafutiwa dawa. Ama tumbo likifura likawa gumu, na mtu anatapika, hapati choo wala upepo hautoki, hapo chai iwekwe kando, apelekwe hospitali siku ile ile.

Basi kikaratasi na kichapishwe, kieleze namna ya kupika chai. Na kila chupa ya mafuta iandikwe kwa herufi kubwa: SI YA KUNYWA, WEKA MBALI NA WATOTO. Tumekwisha kuambiwa kuwa maneno hayo yatawafukuza wanunuzi. Wenye kuona hivyo walete hoja zao katika mkutano mkuu ujao, na kila tawi lije na uamuzi wake, maana vikaratasi havitapelekwa kuchapwa kabla ya siku hiyo.