Mashine Iandike, Fundi Asome

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Msemo huu, ambao watu wa pwani tumeurithi kutoka kwa waunda majahazi, leo unawahusu vijana wa fani mpya, nao ni watungaji wa programu za kompyuta. Mwananchi anayelipa kodi kwa simu, daktari anayefungua jalada la mgonjwa katika kompyuta, karani wa bandarini anayeandikisha mzigo, wote hao wanasafiri katika chombo kinachoelea. Ni wachache wanaojiuliza nani amekiunda, na wachache zaidi wanaojiuliza nani atakitia kalafati siku kitakapovuja.

Swali hilo sasa limekuwa zito, kwa sababu kazi yenyewe ya uundaji imebadilika. Kwa miaka mingi mtungaji wa programu alikaa mbele ya kompyuta akiandika msimbo, yaani maagizo ambayo mashine huyafuata neno kwa neno, mstari baada ya mstari, kwa siku na wiki. Mwezi Juni 2021 kampuni ya GitHub ya Marekani ilionesha chombo kiitwacho Copilot, ambacho hukisia anachokusudia mtungaji na kummalizia mistari yake. Mwezi Novemba 2022 ikatokea ChatGPT, na tangu hapo vyombo vya akili mnemba vimezidi kupevuka. Mtu hueleza haja yake kwa maneno ya kawaida, hata kwa Kiswahili, na mashine humwandikia programu, ikaijaribu, ikasahihisha baadhi ya makosa yake. Kazi iliyomkesha mwanafunzi wiki nzima yaweza kumalizika kabla chai haijapoa.

Tuseme wazi kwamba hatuwashauri wananchi kuvikimbia vyombo hivi. Nchi yetu ilikwisha kuipita njia hiyo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu za Hazina kuvurugika na gharama kupanda, huku utaalamu ukiwa mikononi mwa wageni, uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Sababu zilikuwa za kweli. Lakini kompyuta hazikusimama kutungoja. Marufuku ilipolegezwa katika miaka ya 1980, tulikuta wenzetu wako mbali, nasi tumepoteza miaka ya kujifunza. Mlango ukifungwa, mgeni hukaa nje, na mwenye nyumba naye hukaa gizani.

Hata hivyo, kufungua mlango si kufumba macho. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliipa Copilot mitihani 89 inayohusu usalama. Katika programu 1,689 walizozipata, karibu asilimia 40 zilikuwa na tundu la kumpitisha mwizi. Mwaka 2025 taasisi ya METR ya Marekani iliwapima watungaji 16 wenye uzoefu. Walipotumia vyombo hivi walichelewa kwa asilimia 19, ilhali wao wenyewe waliamini kwamba wameharakisha kwa asilimia 20. Vyombo hubadilika kila mwezi, na hesabu hizo nazo zitabadilika. Lakini fundisho linabaki: mashine hukosea kwa lugha fasaha, na mtu huridhika upesi na kazi ambayo hakuifanya.

Sisi tuliopitia chuoni tunalijua jambo hili. Mtoto hukaa jamvini akaisoma juzuu ya Amma kwa sauti nzuri, bila ya kukwama. Mwalimu mwenye busara hamsifu upesi. Huweka kijiti chini ya neno moja katikati ya ukurasa, akamwambia, "Soma hapa." Anayezijua herufi husoma. Aliyekariri hurudi mwanzo wa sura, ili alikute neno lile njiani. Mtungaji wa programu wa leo naye apewe mtihani huo huo. Programu inafanya kazi, vyema. Lakini kijiti kikiwekwa chini ya mstari mmoja, je, anaweza kueleza unafanya nini, na nini kitaharibika ukiondolewa?

Hapa kwetu tunao mfano unaofaa kuzingatiwa. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilirusha ndege ndogo zisizo na rubani kuzipiga picha Unguja na Pemba. Nyumba zikachorwa katika ramani kwa mkono, moja baada ya moja. Mwaka 2018 kazi hiyo ikatumika katika mashindano ya kimataifa ya kuifundisha kompyuta kutambua nyumba, na kupambanua iliyokamilika, isiyokamilika, na iliyo msingi mtupu. Tazameni mpango wa mambo ulivyokuwa. Mashine ilijifunza kutokana na mikono ya watu. Na mashine itakapoita msingi kuwa nyumba, atakayeigundua ni yule aliyekwisha kuchora misingi mingi kwa mkono wake.

Hapo ndipo penye shina la wasiwasi wetu. Kule Nungwi, mwanafunzi wa uundaji wa majahazi haanzi kwa kupima mkuku. Huanza kwa kushika ubao, kuchonga vipande vidogo, na kutia kalafati. Kazi hizo za chini ndizo zinazomfundisha jicho na mkono, hata siku moja akaweza kuliangalia taruma na kusema, "Hili limepinda." Katika utungaji wa programu pia zipo kazi za chini: kutengeneza fomu, kusahihisha kosa dogo, kuandika majaribio. Hizo ndizo kazi ambazo mashine imezichukua mwanzo. Mkuu wa ofisi mwenye bajeti ndogo atajiuliza: kwa nini nimlipe kijana anayeanza, ilhali mashine hufanya kazi yake kwa ada ndogo ya mwezi? Kwa hesabu ya mwaka huu, swali lake lina maana. Kwa hesabu ya miaka 10 ijayo ni hasara tupu, kwa sababu mafundi wakuu wa leo watakuwa wamestaafu, na nyuma yao hakuna mtu. Hajazaliwa fundi ambaye hakuwahi kuwa mwanafunzi.

Wapo watakaosema kwamba wataalamu watapatikana nje. Tunawakumbusha tarehe 10 Desemba 2009. Siku hiyo umeme unaotoka Ras Kiromoni kwa waya wa baharini na kuingia Ras Fumba ulikatika, na Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, wavuvi wakakosa barafu, hoteli zikaunguruma kwa majenereta. Tulijifunza wakati ule maana ya kutegemea kitu kimoja kinachotoka ng'ambo. Leo Fumba hiyo hiyo imetajwa kuwa makao ya mpango wa Silicon Zanzibar, uliotangazwa mwaka 2022 ili kuyavuta makampuni ya teknolojia. Ni mpango mwema, na vijana wengi wameutegemea. Lakini vyombo vya akili mnemba navyo vinakuja kwa waya wa baharini, kutoka kwa makampuni ambayo hatuyaamuru. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za Afrika Mashariki zilikatika, na mtandao ukazorota nchini kote. Siku kama hiyo, ofisi iliyo na mtu anayeujua mfumo wake itaendelea na kazi. Isiyo naye itafunga dirisha na kuwaambia wananchi warudi kesho.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wanaohusika. Kwanza, kila wizara, idara na shirika linalonunua au kutengeneza mfumo lihakikishe kwamba msimbo wake umekabidhiwa kwa ofisi, na kwamba yupo mtumishi wetu anayeweza kuusoma na kuueleza, awe ameuandika mtu au mashine. Mamlaka ya Serikali Mtandao inaweza kulifanya hilo kuwa sharti la kupokea kazi. Pili, nafasi za wanaoanza zisifutwe. Palipo na mafundi wazoefu, wawepo wanafunzi wenye posho, wenye kazi halisi, na wenye mtu wa kuwasahihisha. Tatu, Chuo Kikuu cha Taifa na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume wawatahini vijana kwa mdomo, kwa kijiti chini ya mstari. Nne, maelezo ya kila mfumo yaandikwe kwa Kiswahili pia, ili sheha na karani wajue wanachokitumia, na wawe na haki ya kuuliza.

Na kwenu vijana mnaokesha mbele ya kompyuta, Mjini na mashamba: vitumieni vyombo hivi bila ya hofu, kwani asiyevijua ataachwa pwani. Lakini msikubali kuweka jina lenu chini ya kazi ambayo hamwezi kuisoma. Andikeni wenyewe kwanza, japo kidogo, japo polepole, kisha mfananishe na ya mashine. Mtakapoweza kuikosoa, mtakuwa mafundi. Kabla ya hapo nyinyi ni abiria, na abiria hajui pa kushika ngalawa inapoanza kuingia maji.