Bei ya tangazo siyo utakayolipa

Wasomaji wasihadaike na bei ya tangazo. Meli za kitalii zinazotoka Miami kuzunguka Karibea huandika bei ya mtu mmoja kwa hesabu ya wawili chumbani. Ukienda peke yako, mara nyingi utalipia na kitanda kisicholaliwa. Hapo bado bakshishi ya kila siku.

Chumba ndicho chenye mambo. Anayelevywa na bahari achukue cha katikati ya meli, sitaha za chini, maana huko mtikisiko ni mdogo. Halafu fungua ramani uone kuna nini juu yako: ukiwa chini ya sitaha ya bwawa, viti vitaanza kuburutwa alfajiri ukiwa usingizini. Balkoni, kwa mtu anayeshinda nje, naona hasara tupu. Bora dirisha lililozibwa na boti ya kuokolea: mandhari hakuna, lakini mwanga unaingia na bei ni nafuu.

Septemba bei hushuka kwa sababu ya vimbunga. Na sisi wa pasipoti za Kenya na Tanzania, viza ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwani meli ikirudi Miami unaingia upya. Hakikisheni hilo kabla ya kulipa.