MTU SI KUFULI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu huliona akalipita, nalo ni nyuma ya pikapu. Sisi wa Ufipa twalima mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Kabla mavuno hayo hayajapakiwa katika malori makubwa ya kwenda Tunduma, mengi hutoka vijijini kwa mkokoteni wa ng'ombe, kwa trekta au kwa pikapu. Pikapu ndiyo hupeleka mbolea Mpui na Laela. Ndiyo hushuka na mabati na sabuni mpaka Muze na Mtowisa, ikapanda na mpunga na samaki. Bila pikapu, Sumbawanga ingekaa na njaa ya vitu vingi.

Neno langu ni moja tu. Wenye pikapu wengi hawakuitengeneza nyuma ya gari ipate kuushika mzigo na kuulinda, basi kazi hiyo wamempa mtu. Hupandishwa kijana juu ya magunia ili awaangalie wezi gari linaposimama, na ashikilie mzigo gari linapokwenda. Aghalabu kijana huyo ni mwanafunzi aliye likizoni, mtoto wa mwenye gari au wa jirani yake. Amefanywa kufuli, tena amefanywa kamba. Mimi nasema mtu si kufuli, wala si kamba.

Nasema niliyoyaona, maana nami nimekaa juu ya magunia hayo likizo baada ya likizo. Baridi ya uwanda wetu mwezi wa Juni wote twaijua. Lakini baridi si kitu mbele ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa. Uwanda wetu uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko kiasi cha mita 800. Basi gari litokalo Ntendo kwenda bondeni hushuka karibu mita 1,000 nzima. Magunia husogea mbele kidogo kidogo, na aliyekaa juu huishika kamba ile ile iliyofungiwa mzigo. Mzigo ukienda, kamba huenda nao, na mtu pia.

Walimu wetu wa Fizikia wametufundisha kwamba kitu kilicho katika mwendo hutaka kuendelea na mwendo wake. Gari lina breki, gunia halina. Kanuni za kufunga mizigo zitumikazo Ulaya zataka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu iliyo sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na usiende ubavuni wala nyuma kwa asilimia 50. Magunia 10 ya kilo 100 ni tani moja, na hicho ndicho kipimo cha pikapu nyingi. Mzigo huo wataka kuzuiwa kwa nguvu ya uzito wa kilo 800. Ni kijana gani mwenye mikono hiyo?

Tena yafaa tukumbuke asili ya gari lenyewe. Yasimuliwa kwamba mwaka 1932 mke wa mkulima mmoja wa Victoria, huko Australia, aliiandikia kampuni ya Ford akiomba gari litakalowapeleka kanisani Jumapili bila kulowa mvua, na Jumatatu liwapeleke nguruwe sokoni. Fundi kijana jina lake Lew Bandt, wa kiwanda cha Ford cha Geelong, alichora gari hilo, nalo likaanza kutolewa mwaka 1934. Shabaha yake ilikuwa wazi: watu mbele, mzigo nyuma. Sisi tumelipokea gari, tukaiacha shabaha.

Sasa yafaa kufanywa nini? Naona mambo matatu.

Kwanza, kasha la chuma lenye kufuli, likae nyuma tu ya chumba cha dereva. Humo vitiwe vitu vinavyopendwa na wezi: jeki, spana, betri ya akiba, dawa za shamba, na bidhaa ndogo za thamani. Lifungwe kwa bolti zipitazo sakafu ya bodi mpaka kwenye vipande vya chuma kipana chini yake, na nati ziwe ndani ya kasha, mahali mwizi asipoweza kuzifikia. Bawaba nazo ziwe ndani. Kufuli lifunikwe na kibati kizito ili mkasi wa kukatia chuma usipate pa kuuma. Mvua zetu ni nyingi tangu Novemba hata Aprili, kwa hiyo kifuniko kiwe na ukingo wa mpira, na chini yatobolewe matundu madogo ya kutolea maji. Lisipofanywa hivyo litaliwa na kutu kabla ya kufikiwa na mwizi.

Hapa hesabu yatakiwa. Chuma cha unene wa milimita 2 kina uzito wa kilo 15.7 kwa kila mita ya mraba. Kasha la urefu wa mita 1.4, upana wa nusu mita na kimo cha nusu mita lina mita za mraba 3.3, yaani karibu kilo 52. Likifanywa kwa chuma cha milimita 3 litakuwa karibu kilo 78. Basi mwenye kasha apunguze nusu gunia au zaidi, asije akaongeza chuma na mahindi pamoja akavunja springi.

Pili, pete za kufungia. Pete 6 au 8 za chuma kinene, zikishikamanishwa na sakafu na fremu ya gari, si na bati la ubavuni, hutosha. Mzigo mzito utangulie mbele, uguse ukuta wa bodi, ukae chini. Mwepesi uwe juu. Kisha turubai, kisha kamba au mkanda wa kukaza. Mlango wa nyuma usiachiwe kubeba mzigo peke yake, maana gari likipanda mlima magunia yote huuegemea.

Tatu, tela. Mavuno yakizidi, ni heri tela zuri kuliko kurundika. Lakini tela lisifungwe kwenye bampa. Lifungwe kwa chuma kilichoshikwa na bolti kwenye chasisi. Kile kirungu cha kuvutia kilingane na kikombe cha tela. Viko virungu vya milimita 50, na viko vya inchi 1 na 7/8. Kikombe kikubwa juu ya kirungu kidogo huonekana kimeshika gari likiwa limesimama, nacho huchomoka penye shimo la kwanza. Karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela ielemee kirungu. Likiwa zito nyuma litayumba kama mkia. Minyororo miwili ya akiba ipishane chini ya mkono wa tela, ili ukichomoka uangukie minyororo, usichimbe barabara. Taa za breki ziwake. Nchi nyingi za Ulaya haziruhusu tela lisilo na breki zake lipite kilo 750, na mahali penye mteremko kama wetu hilo ni shauri jema, kwa kuwa katika kushuka ni tela ndilo lisukumalo gari.

Wapo watakaosema fedha hakuna, na kijana ni rahisi kuliko fundi. Mimi najibu: kijana ni rahisi kwa sababu hakuna aliyemtia katika hesabu. Mwenye fedha kidogo aanze na pete na turubai, kasha lifuate baada ya mavuno mengine. Wapo watakaosema mwizi hushinda kila kufuli. Huenda. Walakini mwizi akikuta kufuli atavunja kufuli; akimkuta mtoto usiku, atavunja nini?

Na wapo watakaosema viko vijiji visivyo na basi, watu wapande nini? Neno hilo lina uzito, nami silikatai. Msafiri asiye na gari jingine ana shida yake, nayo yataka barabara na mabasi. Mimi nasema juu ya mtoto asiye na safari, ambaye hupandishwa ili alinde mzigo. Huyo aweza kushushwa leo.

Wala tusiseme ufundi hatuna. Wazee wetu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu, wakafua majembe. Leo mafundi wa kuchomelea wako mjini Sumbawanga, na vijana wanajifunza kazi hiyo. Wajukuu wa wenye malungu hawawezi kushindwa na kasha.

Basi nawaomba wazazi, kabla ya mavuno yajayo, mwulizeni fundi bei ya pete nane. Nawaomba walimu wa Hisabati na Fizikia watupe siku moja tupime pikapu kwa futi na mizani, maana hesabu ya namna hiyo haisahauliki. Nanyi wanafunzi wenzangu, mkiambiwa mpande juu ya magunia, semeni kwa adabu, "Baba, mzigo huu tuufunge kwanza, kisha nikae mbele." Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine naye ayatoe, tusomane muhula ujao.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne