Kaburi si tuzo ya mwema

Mkaaji wa Ndosho, hapa Goma, yumo katika komini iliyopewa jina la mlima Karisimbi, na akiinua macho kaskazini anauona Nyiragongo. Katika imani ya kale ya Ryangombe, mkuu wa mizimu, iliyoenea Rwanda, Bushi na Buhavu, milima hiyo miwili iligawana wafu: aliyeingizwa katika siri za Ryangombe alikwenda kupumzika naye Karisimbi kwenye baridi, na asiyeingizwa alitupwa katika moto wa Nyiragongo. Imani yenyewe imefifia, lakini wazo lililo ndani yake, kwamba pumziko ni la anayestahili, bado linatembea matangani kwetu. Huonekana zaidi anapokufa mtu aliyejitoa uhai. Kilio kinafupishwa, mhubiri anapata udhuru, kaburi linachimbwa pembeni, na ndugu wananong'ona kwamba akizikwa kama wengine atarudi kuwasumbua. Nasema desturi hii haimtulizi mfu wala haimlindi aliye hai, na katika mji uliozika watu wengi kama Goma ni hatari kuendelea kuamini kwamba kuna maiti isiyodai chochote.

Anayedhani huo ni ushamba wa Afrika aisome sheria ya kale ya Gulathing, huko Norwe. Iliamuru kila mfu apelekwe kanisani na kulazwa katika ardhi takatifu, isipokuwa wasaliti, wauaji, wezi na waliojiua wenyewe. Hao walizikwa ufukweni, pale maji ya bahari yanapogusana na majani: si nchi kavu hasa, si bahari. Huku kwetu Afrika, John Roscoe, aliyeandika juu ya Baganda wa Uganda mwaka 1911, alisimulia kwamba mwili wa aliyejiua ulichomwa njia panda au porini, na wanawake waliopita hapo baadaye walitupa majani wasije wakaingiwa na roho yake. Watu wasiowahi kuonana walifikia hukumu moja, kwa sababu hofu ilikuwa moja. Kanisa Katoliki nalo liliandika katika sheria yake ya mwaka 1917 kwamba aliyejiua kwa kusudi anyimwe maziko ya kanisa. Sheria mpya ya mwaka 1983 ilimwondoa katika orodha ya wanaonyimwa. Sijasikia kwamba mizimu iliongezeka tangu hapo.

Watu wa Iceland, waliowaogopa sana wafu wanaotembea, walisimulia jambo la kufikirisha. Katika Eyrbyggja, simulizi ya karne ya 13, mgeni aitwaye Thorgunna anaugua katika nyumba ya Fróðá na kuusia kwamba matandiko yake yachomwe. Mke wa mwenye nyumba anayatamani, anayazuia. Vifo vinafuatana, na waliokufa wanarudi jioni kuota moto na kuwafukuza walio hai. Hakuna aliyekatwa kichwa. Matandiko yanachomwa, kisha mahakama inaketi mlangoni: wafu wanaitwa kwa majina, wanashtakiwa kwa kuingia nyumbani bila ruhusa, na kila mmoja akihukumiwa anasema neno lake na kuondoka. Katika simulizi ya Grettir, kinyume chake, shujaa anapambana na mfu Glámr na kumkata kichwa, lakini laana ya Glámr inabaki naye, na tangu siku hiyo Grettir anaogopa giza. Sidai kwamba mambo hayo yalitokea. Nasema wasimulizi wenyewe walijua fujo ilianzia kwa walio hai, pale wasia ulipovunjwa, na kwamba ilikwisha mfu alipoitwa kwa jina lake.

Hapo ndipo Goma inapoguswa. Kuanzia Julai 1994 kipindupindu na magonjwa mengine yaliua wakimbizi wa Rwanda karibu 50,000 katika mwezi mmoja. Mwamba wa lava ulikataa jembe, na wanajeshi wa Ufaransa wakachimba makaburi ya halaiki kwa matingatinga. Mwanzoni mwa Februari 2025, siku chache baada ya waasi wa M23 kuuteka mji, Umoja wa Mataifa ulisema miili 2,000 ilikuwa imekwisha kuzikwa na mingine 900 ilikuwa bado katika vyumba vya maiti. Haraka ya kuwazika ilitetewa kwa jina la afya. Lakini miili ya waliouawa kwa risasi na mabomu kwa kawaida haileti mlipuko wa ugonjwa. Wanaoutaabisha umma ni wafu wa kipindupindu na Ebola. Na hata Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018, iliyoua watu 2,287 kabla ya kuisha Juni 2020, ilitufundisha kuwaruhusu ndugu wahudhurie, waombe na kuijua sehemu ya kaburi. Maziko ya namna hiyo yalipunguza ukaidi uliokuwa ukizificha maiti majumbani.

Wapo watakaosema: vita ni vita, lakini aliyejiua ni jambo jingine, tukimzika kwa heshima tutawavuta wengine. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu inatoka kwa wazazi wenye hofu. Hata hivyo adhabu inayompata maiti haimfikii yeye. Inawafikia mjane na watoto, ambao kesho watasema alikufa kwa malaria. Nyumba ikijifunza kuficha kifo, itaficha pia huzuni inayokitangulia, na kijana anayetafuta wa kumwambia atakutana na midomo iliyofungwa. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 700,000 wanaojiua kila mwaka, wengi wao katika nchi zisizo tajiri. Aibu ya kaburi la pembeni imekuwapo miaka yote hiyo, wala haikuvizuia vifo hivyo. Kumzika mtu mchana, pamoja na wengine, si kukisifu kitendo chake. Padri au mchungaji anaweza kuyasema yote mawili, kumheshimu mfu na kutokisifu kitendo, katika mahubiri ya dakika kumi, na wakuu wa kartie wanaweza kuanza kwa kukataa shimo la pembeni. Na kwa wafu wa vita wasiojulikana, wanaosimamia makaburi ya mji watuonyeshe daftari: namba ya mwili, picha, nguo, mahali ulipolala, ili mama atakayekuja baada ya miaka mitano aonyeshwe mstari na safu.