Amana Huandikwa, Tena Huhifadhiwa

Ndugu zetu, Mto Kilombero ufurikapo masika, maji hayachagui daftari wala simu. Simu yetu yenye hesabu ya michango ya madrasa iliingia maji. Tukasimama mbele ya wazee hatuna la kuonyesha, na aibu ilikuwa yetu. Sasa twatumia jedwali la LibreOffice, programu ya bure iliyotokana na OpenOffice.org, ile iliyotiwa Kiswahili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Lakini programu si mlinzi. Kila Ijumaa twanakili faili katika flashi, na karatasi moja huwekwa kwa mwenzetu akaaye palipoinuka. Al-Baqara, Aya ya 282, yatuamrisha kuandika deni. Kuandika pasipo kuhifadhi ni kuteka maji kwa pakacha. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.