UCHAMBUZI: Rangi ya kifaru haitoshi kumlinda askari vitani

MAJESHI ya Urusi na Ukraine yalipoanza kukabiliana katika vita kamili mnamo Februari 2022, yalijikuta katika utata mkubwa. Pande zote mbili zilikuwa zimerithi vifaru vya enzi ya Muungano wa Kisovieti, vikiwemo vya aina ya T-72, na vingi vilikuwa vya rangi ya kijani.

Ndiposa Warusi wakachora herufi Z na V kwenye magari yao, nao Waukraine wakatumia misalaba myeupe katika mashambulizi ya Kharkiv mnamo Septemba mwaka huo.

Hatua hiyo yafichua kinaya kilichomo katika rangi za kivita. Mabaka ya kijani, hudhurungi na nyeusi hupakwa ili adui asilione gari. Alama nyeupe huwekwa juu yake ili mwenzake alione. Lakini kinachomsaidia rafiki kutambua chaweza pia kumsaidia adui kulenga shabaha.

Suala hili si la urembo. Katika vita vya kuikomboa Kuwait mwaka 1991, magari ya Uingereza yalipakwa rangi ya mchanga na kuchorwa alama ya V iliyopinduliwa. Hata hivyo, mnamo Februari 26, ndege za Marekani aina ya A-10 zilishambulia magari mawili ya deraya ya Waingereza na kuwaua wanajeshi tisa, ilhali mataifa hayo yalikuwa yakipigana bega kwa bega.

Isitoshe, kila rangi ina mahali pake. Magari ya Marekani yaliyowasili Ulaya mwaka 2017 yakiwa na rangi ya jangwani yalilazimika kupakwa kijani, kwani kinachofichika mchangani huonekana waziwazi penye misitu.

Teknolojia nayo imeipunguzia rangi thamani. Droni zenye kamera za kunasa joto huiona injini iliyowaka moto, gari liwe la kijani au la mchanga.

Bado rangi ina kazi yake, maana macho ya binadamu hayajaondoka vitani. Ila viongozi wa majeshi wanaoitegemea pekee wanahatarisha maisha ya vijana wao. Mawasiliano thabiti kati ya vikosi, pamoja na mafunzo ya kumtambua rafiki kabla ya kufyatua risasi, hugharimu zaidi ya kopo la rangi. Kuyapuuza hugharimu roho za watu.